Bei ya mwanafunzi si ya ukoo mzima: nani hulipa tunapoazimana vitambulisho?

Kila mwaka majina ya waliopangiwa vyuo yanapotoka, hukosi watoto wa Likoni, Msambweni, Malindi na Lamu ambao wameitwa Chuo Kikuu cha Kibabii huko Bungoma, au Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Kitale katika kaunti ya Trans Nzoia. Kutoka Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 800. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, halimuulizi mtoto wa Pwani kama amezoea baridi ya Mlima Elgon. Mzazi hufunga mzigo: blanketi, sufuria, ndoo. Halafu linakuja suala la kompyuta, na hapo ndipo mifuko inapotoboka.

Kwa bahati, wapo wauzaji na watengenezaji wanaompunguzia mwanafunzi bei. Habari hiyo haikai chuoni. Hufika nyumbani, na nyumbani kuna watu wengi wanaohitaji kompyuta. Mjomba mwenye saiba huko Kisauni anapiga simu: "Mpwa wangu, si una kitambulisho cha chuo? Nichukulie laptopu moja kwa jina lako, pesa natuma sasa hivi kwa M-Pesa." Mpwa afanye nini? Akikataa, ataonekana amepata chuo akasahau aliyemlipia nauli. Akikubali, je, amekosa? Na kama amekosa, amemkosea nani hasa?

Swali hili watu wengi hulipitisha kwa mzaha. Linafaa kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu wanaoumia siyo wale tunaowadhania.

Punguzo hutoka wapi?

Jambo la kwanza ni kujua kwamba "bei ya mwanafunzi" si kitu kimoja. Kuna angalau mapunguzo ya aina tatu, na kila moja hubebwa na mfuko wake.

La kwanza ni la mfanyabiashara. Mtengenezaji au duka hukubali faida ndogo kwa mwanafunzi kwa sababu leo hana pesa, lakini kesho atakuwa mwalimu, mhasibu au fundi wa umeme. Akizoea mashine ya kampuni fulani chuoni, huenda akainunua kwa bei kamili kazini. Hiyo si sadaka. Ni mbegu anayopanda mfanyabiashara, na amechagua shamba la kuipanda. Apple, kwa mfano, ina bei ya elimu ambayo masharti yake yanamtaja mwanafunzi wa chuo, mzazi anayemnunulia, na walimu na wafanyakazi wa taasisi za elimu. Kununua ili kuuza tena hakuruhusiwi.

La pili ni la umma. Mwaka 2010, Bodi ya Teknohama ya Kenya ilianzisha mpango wa Wezesha kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwanafunzi wa chuo aliyekubaliwa alipewa ruzuku ya takriban dola 120, ambazo wakati ule zilikuwa kama shilingi 9,600, imsaidie kununua laptopu kwa wauzaji waliokuwa ndani ya mpango huo. Zilizobaki alijaza mwenyewe. Fungu kama hilo lina mwisho. Ruzuku moja ikimwendea asiye mwanafunzi, kuna mwanafunzi mmoja aliyeikosa.

La tatu ni la programu. Mashine bila programu ni sanduku tu. Microsoft huwapa wanafunzi wenye barua pepe ya chuo kinachotambulika baadhi ya programu zake za Office bila malipo. Autodesk, wenye AutoCAD ya kuchorea ramani za majengo, huwapa wanafunzi leseni ya elimu bure, kwa sharti kwamba isitumiwe kwa kazi ya kulipwa. Hapa haikutolewa mali ya kushikika. Iliyotolewa ni ruhusa, na ruhusa ina jina la mtu na ina kikomo.

Basi kabla ya kuuliza kama ni halali au haramu, uliza kwanza: tofauti ya bei inalipwa na nani, na alikubali kuilipa kwa ajili ya nani?

Hesabu ya duka dogo

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme duka moja la Kitale limekubaliana na msambazaji wake kwamba litauza laptopu 20 kwa wanafunzi kwa punguzo la asilimia 10. Bei ya kawaida ni shilingi 60,000, kwa hivyo mwanafunzi analipa 54,000. Punguzo la mashine moja ni shilingi 6,000, na la mashine zote 20 ni shilingi 120,000. Hilo ndilo fungu lote.

Sasa tuseme wanafunzi wanane wamewanunulia wajomba, mashangazi na marafiki. Shilingi 48,000 za fungu lile zimetoka mlango ambao hazikukusudiwa. Mwenye duka hajui, naye ameuza mashine zake 20. Msambazaji naye anaona mashine 20 zimekwenda. Wanaojua ni wanafunzi wanane wengine, waliofika wiki iliyofuata na kitambulisho mkononi wakaambiwa, "Za wanafunzi zimekwisha."

Hao hawatakuja kulalamika mbele ya mjomba wa Kisauni, kwa kuwa hawamjui. Ndiyo maana kosa hili huonekana dogo: anayeumia hana sura.

Mambo yanayofanana lakini si sawa

Haifai kuyatia yote kwenye kapu moja. Yako mambo ambayo watu huyaogopa bure, na mengine ambayo huyafanya bila kuogopa.

Mzazi anapolipa na mwanafunzi akatumia, hakuna tatizo lolote. Punguzo limemfikia aliyekusudiwa. Haijalishi pesa zimetoka Mombasa, Muscat au kwenye chama cha kina mama.

Mwanafunzi akinunua mashine yake, kisha jioni akaitumia kuwachapia watu barua na kupata ya chakula, hilo nalo kwa kawaida halina ubaya. Mashine ni yake. Lakini aangalie programu zilizomo. Kompyuta yaweza kuwa halali kwa kazi ya kulipwa huku leseni ya programu ikikataza. Kwa miaka mingi michoro iliyotengenezwa kwa AutoCAD ya wanafunzi ilitoka kwenye karatasi ikiwa na maandishi pembezoni yanayosema imetengenezwa kwa toleo la elimu, na maandishi hayo yaliweza kuhamia hata mchoro mwingine uliochanganywa nao. Fundi anayemkabidhi mteja ramani ya nyumba yenye alama hiyo amejishtaki mwenyewe.

Ndugu wa nyumba moja wakitumia mashine ya mwanafunzi akiwa likizoni, hakuna wa kulaumiwa. Mdogo mtu kufanyia kazi yake ya shule hakumnyang'anyi mtu haki.

Sasa tufike penye uzito. Mtu asiyesoma anapomtumia mwanafunzi ajitie kuwa ndiye mnunuzi, na mashine ikaenda moja kwa moja saiba, muuzaji amedanganywa. Kila neno kwenye risiti laweza kuwa kweli, jina ni la kweli na kitambulisho ni cha kweli, lakini jambo zima ni uongo. Muuzaji alidhani anampunguzia mwanafunzi, kumbe amempunguzia mfanyabiashara anayeshindana na wafanyabiashara wenzake waliolipa bei kamili.

Kizito zaidi ni ulanguzi: mwanafunzi ananunua, anaongeza 3,000, anauza, kisha anarudi na kitambulisho cha mwenzake. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Aliyeanza kwa kumsaidia ndugu huishia kuwa dalali wa vitambulisho vya bweni zima.

Na yuko aliyemaliza chuo. Kadi bado iko kwenye pochi, barua pepe ya chuo bado inafunguka, na kazi ameshapata. Huyu hadanganyi kwa jina la mtu mwingine, anadanganya kwa jina lake la zamani. Kitu pekee kinachomruhusu ni kwamba hakuna aliyekagua.

Sheria na risiti

Si kila udanganyifu wa bei utafika mahakamani, na sisemi mjomba atafungwa kwa laptopu moja. Lakini vijana wajue wanachoazima. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu anayejipatia mali kwa hila na nia ya kulaghai, na kifungo chake chaweza kufika miaka mitatu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 29, inamhusu anayetumia kwa ulaghai nywila au kitambulishi cha kielektroniki cha mtu mwingine. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Anayekopeshana nywila ya chuo kama anayekopeshana chumvi afikirie tena.

Lipo na jambo la karibu zaidi kuliko mahakama, nalo ni risiti. Dhamana ya mashine hufuata karatasi. Mashine ikiharibika baada ya miezi minne, anayeonekana kwenye risiti ni mpwa aliyeko Bungoma, na mashine iko Kisauni. Ikiibwa, polisi watauliza hati ya umiliki, nayo ina jina la mtu mwingine. Mwenye biashara ana hasara ya ziada: tangu mwaka 2024, gharama ya biashara inayotaka kutambuliwa na Mamlaka ya Ushuru huhitaji ankara ya eTIMS. Ankara iliyotoka kwa mwanafunzi haimsaidii mwenye saiba hesabu zake zinapokaguliwa. Shilingi 6,000 alizookoa dukani aweza kuzirudisha kwa njia ndefu.

Naye mwanafunzi ametoa nakala ya kitambulisho chake, nambari ya usajili na simu yake kwa shughuli ambayo si yake. Siku muuzaji akitaka maelezo, atapigiwa yeye. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Hoja za wanaotetea

Ni haki kuzisikiliza, maana si zote za kijinga.

Wa kwanza husema: "Kampuni hizo ni tajiri, haziwezi kuhisi." Huenda kweli mtengenezaji wa ng'ambo hahisi. Lakini mkono uliopokea kitambulisho haukuwa wake. Ulikuwa wa kijana wa dukani aliyeajiriwa, ambaye ataulizwa kwa nini amewapa bei ya wanafunzi wasiostahiki. Na tumeshaona kwamba fungu likiisha, anayekosa ni mwanafunzi.

Wa pili husema: "Kila mtu anafanya." Hilo ndilo linaloliongeza kosa uzito. Mmoja akichota kisimani kwa ndoo mbili, maji hayashuki. Mtaa mzima ukichota kwa ndoo mbili, wa mwisho anakuta tope.

Wa tatu ana hoja nzito kuliko wenzake. Anasema: "Huo mpaka wenyewe hauna haki. Mtoto wa tajiri aliye chuo kikuu anapunguziwa, na kijana wa bodaboda Kitale anayejifunza kompyuta usiku kwa simu yake, asiye na chuo, halipunguziwi hata shilingi." Ni kweli. Bei ya mwanafunzi haipimi umaskini. Hupima usajili, na watu wengi wenye shida hawakusajiliwa popote. Lakini tazama dawa inayopendekezwa. Tukiazima kitambulisho, kijana wa bodaboda hafaidiki kwa jumla, anafaidika yule tu aliye na mpwa chuoni. Tumebadilisha upendeleo wa usajili kwa upendeleo wa ukoo, tukauongezea uongo.

Kwa nini Kitale na Bungoma zinaumia zaidi

Mwanafunzi wa Nairobi akikataliwa duka moja, anavuka barabara anaingia jingine. Miji ya Kitale na Bungoma ina maduka ya kompyuta, lakini si mengi kiasi hicho, na mengi ya bidhaa mpya hutoka Nairobi. Katika miji kama hii muuzaji huthibitisha kwa macho. Anatazama kadi, anatazama uso, anauliza unasoma nini, basi. Uaminifu ndio mfumo wenyewe wa ukaguzi.

Uaminifu huo ukivunjika, muuzaji ana njia mbili. Moja ni kufuta punguzo. Ya pili ni kukaza masharti: barua pepe rasmi ya chuo, barua ya usajili yenye muhuri wa muhula huu, au ukaguzi wa mtandaoni unaofanywa na kampuni ya tatu yenye orodha ya vyuo inavyovitambua. Kukaza huku si ndoto. Januari 2022, Apple ilianza kuwataka wanunuzi wa Marekani wathibitishe uanafunzi wao kupitia huduma ya UNiDAYS, kisha ikaliondoa sharti hilo baada ya siku chache. Huko mnunuzi akipata usumbufu analalamika, na mlango unafunguliwa. Mlango wa namna hiyo ukifungwa kwa mwanafunzi wa Trans Nzoia, nani atamsikia?

Na ukaguzi wa orodha humwumiza mdogo kwanza. Chuo kikuu chenye mkataba wake, kama Kibabii iliyoupata mwaka 2015, chaweza kupata nafasi kwenye orodha. Lakini mwanafunzi wa chuo kidogo cha kiufundi, anayejifunza uashi, ushonaji au umeme, asiye na barua pepe ya taasisi, ana kadi ya karatasi tu. Kadi hiyo inathaminiwa mradi watu hawajaichezea. Siku itakapoambiwa haitoshi, anayefungiwa nje ni yeye, siyo aliyeichezea.

Wapo humo watoto wetu pia. Anayeazima kitambulisho cha mpwa wake aliyeko Bungoma anaufanya mgumu mlango ambao mwanawe mwenyewe huenda akaubisha miaka mitatu ijayo.

La kufanya

Kutaka bei nafuu si aibu. Sisi Wapwani kupatana bei tunakujua tangu sokoni Marikiti, na muuzaji asiyepatana humwona mtu mkavu. Tofauti ni moja: anayepatana husema yeye ni nani na anataka nini. Mwenye saiba anayehitaji mashine tatu aende dukani aseme hivyo, aombe bei ya anayenunua kwa wingi. Mara nyingi atapunguziwa, tena kwa jina lake na risiti yake.

Asiye na uwezo wa mashine mpya ana njia nyingine: kompyuta zilizotumika zikakarabatiwa, malipo ya polepole, au mzunguko wa chama. Kwa programu kuna LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, ambayo ni bure kwa mwanafunzi na mfanyabiashara sawasawa, bila kuulizwa kadi.

Wauzaji nao wana wajibu. Waandike masharti ya punguzo kwa lugha inayosomeka na wayabandike ukutani: nani anastahiki, mashine ngapi kwa mtu mmoja, na kama mzazi anaruhusiwa kununua. Watu wengi huvuka mpaka ambao hawakuonyeshwa. Na wakumbuke vyuo vidogo. Barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri itoshe pale ambapo barua pepe haipo.

Mwanafunzi naye apewe maneno ya kumjibu mkubwa wake bila kumvunjia heshima. Anaweza kusema: "Mjomba, shikamoo. Hiyo bei wameniwekea mimi kwa sababu ya masomo, na nimetia sahihi. Lakini nitakuulizia bei ya biashara hapa na Mombasa, nikuletee iliyo nafuu." Hapo amemtumikia mjomba wake na hakuiuza sahihi yake. Mjomba mwenye busara ataelewa, tena atajua kwamba kijana wake anaweza kukabidhiwa hata duka.

Kwa anayesitasita bado, maswali matatu yanatosha. Je, muuzaji angejua ukweli wote wa mashine hii inakwenda kwa nani, angenipa bei ile ile? Je, mimi ndiye nitakayeitumia, au ni mwanafunzi ninayemlipia? Je, niko tayari jina lililo kwenye risiti liulizwe mbele za watu? Majibu yakiwa ndiyo, nunua kwa raha zako. Likipatikana hata hapana moja, lipa bei kamili au subiri. Kitambulisho cha chuo kimetolewa kwa mtu mmoja, na bei inayokuja nacho ni amana yake.